Tunazijua Glasi za New York

Jumamosi moja mwaka huu nilikaa kwenye zulia la mtu kule Lavington, mimi na wasee wengine watano, tukisikiliza glasi. Sitanii. Mwenye nyumba ana nakala tatu za santuri moja, zote zimechapwa upya miaka tofauti, na kazi yetu usiku huo ilikuwa kuamua ni ipi inayotoa vizuri zaidi mlio wa glasi zinazogongana huko nyuma ya baa wakati mpiga piano anaanza taratibu. Tulirudia dakika ile ile mara tisa. Mmoja wetu alifunga macho. Mimi pia nilifunga macho.

Saa nne usiku nikaaga, nikashika Gitanga Road kwa miguu kurudi mtaani. Kama nusu saa hivi, unaacha mageti na walinzi, unaanza kusikia makanga wakiita watu wa tao, moshi wa mutura unakupata kabla hujafika kwa jiko lenyewe. Hapo stage ya 46 nikapanda ngazi za baa moja iliyo juu ya duka la mabati na misumari. Kwa kona kulikuwa na bendi ya watu wanne. Mzee wa miaka sabini alikuwa amekalia kreti ya soda anapiga gita la ridhimu, kichwa chini, kama mtu anayehesabu pesa. Watu walikuwa wanaongea. Glasi zilikuwa zinagongana. Hakuna aliyekuwa anarekodi.

Huyo mzee ni mjomba wangu. Ndiyo maana naandika haya kwa hasira, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi.

Wacha kwanza niitetee hiyo santuri, ndio usiseme naidharau kwa sababu ya wivu. Inaitwa Waltz for Debby, ya Bill Evans. Ilirekodiwa laivu Jumapili moja, tarehe 25 Juni 1961, kwenye klabu ya Village Vanguard mjini New York. Walipiga seti mbili mchana na tatu usiku, na kutoka kwa siku hiyo moja zikapatikana santuri mbili, hii na Sunday at the Village Vanguard. Walikuwa watatu tu: Bill Evans kwa piano, Scott LaFaro kwa besi, Paul Motian kwa dramu. Siku 11 baadaye LaFaro alikufa kwenye ajali ya gari. Alikuwa na miaka 25, umri wa mbogi yangu.

Tangu hapo siku hiyo imechapwa upya Marekani, Ulaya na Japani mara nyingi sana, kiasi kwamba kuna watu burudani yao ni kulinganisha chapa na chapa. Mwaka 2005 zikatolewa seti zote tano, kwa mpangilio wa siku ile ile. Wimbo wa kwanza kabisa ulikatizwa na stima. Ndiyo, stima ilipotea New York wakiwa katikati ya wimbo, na pengo hilo limehifadhiwa na kuuzwa. Mtu wa Kawangware akisikia hapo anacheka, kisha anajiuliza: kwani stima yetu ikipotea, nani anaihifadhi?

Mimi naipenda hiyo rekodi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda na mimi nimeshindwa kuwaambia wazazi, nilikuwa nashinda Kenyatta Market kwa kibanda cha santuri cha Jimmy Rugami, katikati ya wasusi na moshi wa nyama choma, napekua sahani ambazo singeweza kununua. Muziki wa kusikiliza ukiwa umetulia nilijifunzia huko. Siku hizi nina nakala mbili za Waltz for Debby, zote za kuchapwa upya. Moja nililipia 4,000, nyingine 5,500. Hiyo ya pili niliinunua mwezi ambao mwenye keja alikuwa ananidai. Kwa hivyo nikisema wakusanyaji tumepotea njia, sisemi kutoka nje.

Hebu sasa tuulize wale watu wa New York walifanya nini cha ajabu. Vanguard ni klabu ya chini ya ardhi, unashuka ngazi, haijazi hata watu mia mbili. Mchana ule wa Jumapili haukuwa tamasha la taifa. Ukisikiliza utawasikia watu wakipiga stori zao juu ya muziki. Ni baa yenye watu wengine wanaosikiliza na wengine ambao hawana habari, kama baa zetu tu. Tofauti ni mambo matatu. Kampuni ilipeleka mashine ya kurekodi. Fundi alikaa hapo siku nzima. Na mtu aliandika majina ya wote, pamoja na mpiga dramu. Muziki wenyewe ni mkubwa, sikatai. Lakini ukubwa huo ungekufa Jumatatu asubuhi kama si hayo mambo matatu, na yote matatu ni ya pesa na kalamu. Hakuna hata moja ambalo ni la kipaji.

Sasa sikia ya huku.

Mjomba alikuja Nairobi kutoka Kakamega akiwa kijana, akaingia bendi. Miaka ya 1970 na 1980 mji huu ulikuwa ndio kiwanda cha muziki cha Afrika Mashariki. River Road ilijaa maduka ya santuri na watayarishaji. Santuri zilikuwa zinachapwa hapa hapa, na bendi za Tanzania zilipanda basi kuja kurekodi huku. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano alirekodi Nairobi, na alifia Mombasa mwaka 1979 baada ya ajali. Wakongo nao walikuwa wamehamia hapa bendi nzima nzima, Super Mazembe, Les Mangelepa. Mwaka 1981 mjomba akaitwa na mtayarishaji mmoja kupiga ridhimu kwenye sahani ndogo, wimbo mmoja kila upande. Walipiga wote kwa pamoja, ndani ya chumba kimoja, bila kurudia sana kwa sababu muda wa studio ni pesa. Alilipwa shilingi mia mbili na soda. Kwenye lebo kukaandikwa jina la bendi na jina la mtunzi. Basi.

Miaka michache iliyopita ule wimbo ukatokea kwenye santuri ya mkusanyiko iliyochapwa Ulaya. Siitaji hiyo kampuni, kwa sababu sitaki mkazane na kampuni moja mkadhani nyingine zote ni malaika. Rafiki yangu wa Lavington aliinunua. Nikaomba niibebe mtaani usiku mmoja, nikaipeleka kwa mjomba na ile mashine yangu ya mtumba, nikaweka sindano.

Alisikiliza akiwa amesimama. Katikati ya wimbo, pale magita yanapobadilisha na kuingia mbio, akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Umeskia? Nilichelewa."

"Wapi, Anko?"

"Hapo kwa kubadilisha. Solo ameenda, mimi bado niko huku. Nilikuwa namwangalia huyo jamaa wa saa."

Nikarudisha sindano. Kweli, kuna kuchelewa kidogo, kama mguu unaokosa ngazi kisha unaipata. Wasee wa Lavington walikuwa wamepitia wimbo huo mara kadhaa na mmoja wao alikuwa amelisifu hilo eneo kabisa, akasema ni "hisia". Mjomba akachukua jalada, akaligeuza, akasoma maelezo ya nyuma kwa miwani ya kuazima. Kulikuwa na aya nzima juu ya Nairobi ya zamani, vilabu, mavazi, usiku wa kupendeza. Jina lake halikuwepo. La mpiga besi halikuwepo. Akanirudishia na kusema, "Wameandika vizuri," kisha akauliza kama nimekula.

Miaka arobaini na kitu baadaye kosa lake linauzwa kama sahani mpya, na yeye mwenyewe hajulikani. Glasi isiyo na jina New York ina mashabiki. Mtu mwenye jina Kawangware hana.

Najua majibu, nimeyasikia yote kwenye zulia lile.

La kwanza: "Hiyo si jazz." Ati tusilinganishe. Sawa, waambieni Shirati Jazz. Waambieni Victoria Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Waambieni OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956 na ikachukua jina kutoka kwa baa waliyokuwa wanapigia. Wazee hao walilichukua neno wakalitumia kwa kitu chao, cha kuchezwa na watu waliosimama. Ukitaka kubishana kuhusu swing, bishana. Lakini ukija kwa swali la nani anastahili kurekodiwa laivu na kuandikwa jina, hilo neno halikusaidii kukwepa.

La pili linatoka upande wa wagumu: "Chapa ya kwanza pekee ndiyo halisi. Hizo za kuchapwa upya ni photocopy." Haya ni maneno ya mtu ambaye kwao santuri zilikaa kwa kabati. Kwetu santuri zilifanya kazi. Zilipigwa kwa harusi, kwa matanga, kwa baa, kwa sindano iliyoisha, mpaka zikakwaruzika zote. Anayedai chapa ya kwanza ya sahani ya River Road isiyo na mkwaruzo anatafuta sahani ambayo haikupendwa na mtu. Mimi niko upande wa kuchapwa upya, kabisa. Mwaka 2013 Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, muziki wa hapa wa miaka ya sabini na themanini, na wengi wa rika langu hiyo ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuusikia. Santuri ya mjomba si hiyo. Nasema tu kwamba kuchapa upya ni kazi halali. Inafanya wimbo uamke.

La tatu linatoka mtaani kwangu, na linauma zaidi: "Wewe na masanturi yako, hayo ni mambo ya mababi. Mtu hana unga." Bana, ni kweli mtu hana unga. Lakini huyo anayeniambia hivyo Jumamosi anamtuza mpiga gita shilingi hamsini, analia wimbo wa kwao ukipigwa, halafu Jumapili anasema muziki wa kale ni mambo ya matajiri. Muziki ni wake tayari. Kilicho cha matajiri ni karatasi inayosema muziki ni wa nani.

Na hiyo karatasi ina saa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inaipa rekodi ya sauti miaka 50, kuhesabu kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Mtunzi wa wimbo analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mpiga ridhimu ambaye hakutunga hana huo muda mrefu. Piga hesabu: rekodi iliyofanywa Nairobi mwaka 1974 muda wake ulikwisha pamoja na mwaka 2024. Ile ya mjomba ya 1981 itafika mwisho wa 2031. Miaka ya dhahabu ya River Road inatoka kwenye ulinzi mwaka baada ya mwaka, sasa hivi, wakati sisi tunapima glasi. Baada ya hapo mtu yeyote hapa ataweza kuichapa ile rekodi bila kumtafuta mzee yeyote aliyepiga tu bila kutunga, na hata akitaka kumtafuta, atamtafuta kwa jina gani?

Kuchelewa kwenyewe kuna mfano mkubwa kuliko mjomba wangu. Septemba 1974, Kinshasa, kabla ya pigano la Ali na Foreman, kulikuwa na tamasha la siku tatu. Franco na OK Jazz walipiga. Tabu Ley alipiga. Abeti na Miriam Makeba waliimba. Mashine za kurekodi zilikuwepo, tena za nguvu. Lakini rekodi ya hao wasanii wa Afrika, Zaire 74: The African Artists, ilitoka mwaka 2017. Miaka 43. Franco alikuwa amefariki 1989, Abeti 1994, Makeba 2008, Tabu Ley 2013. Wote wanne walikufa bila kuishika. Kama imewezekana kwa Franco, mtu aliyejaza viwanja, wewe unafikiri mzee wa kreti ya soda atangoja miaka mingapi?

Msiniambie pia kwamba huku haiwezekani. Mwaka 2008 Ketebul Music, Tabu Osusa na wenzake, kutoka hapa hapa Nairobi, walitoa Retracing the Benga Rhythm: muziki, kitabu na filamu. Walitafuta wazee nyumbani kwao wakawauliza maswali. Inafanyika. Haijafanyika vya kutosha, na sisi wenye masikio na vijisenti tumeiachia ofisi moja.

Sasa hesabu ya zulia. Tulikuwa sita. Kila mmoja wetu kwa mwaka hununua angalau toleo moja la santuri ambayo tayari anayo, kwa sababu mtu kasema hili jipya lina besi safi zaidi. Tuseme 5,000 kila mmoja. Hiyo ni 30,000. Nimemuuliza kijana anayerekodi kwaya za makanisa hapa Kawangware: usiku mmoja, maikrofoni sita, na kusafisha sauti baadaye, 14,000. Bendi ya mjomba hupewa na mwenye baa 2,000 kwa usiku, wagawane wanne. Tukiwapa 3,000 kila mmoja ni 12,000, na bado tunabaki na 4,000 za supu na nauli. Sherehe moja ya glasi inalipia laivu moja ya 46. Hizi ni bei nilizopewa mdomoni na watu wanaofanya hiyo kazi.

Nimeshajaribu kivyangu, kwa simu. Usiku ule wa Lavington niliiweka juu ya meza karibu na spika. Rekodi ni mbaya. Besi inanguruma kama lori, kuna mtu anaagiza chips mwanzo hadi mwisho, na wimbo wa tatu stima ilipotea. Giza likaingia, watu wakapiga makelele, magita yakanyamaza, na kijana wa dramu akaendelea peke yake gizani, watu wakimpigia makofi, mpaka jenereta ya jirani ikawaka. Nimeisikiliza hiyo sehemu mara nyingi kuliko Bill Evans.

Seti ilipokwisha nilitoa daftari nikaandika jina la mjomba, la mpiga solo, la mpiga besi. Nikafunga daftari. Mjomba alikuwa anafungua nyaya, akaniangalia.

"Na huyo wa dramu?"

Nilikuwa nimemsahau. Mimi, niliyetoka kulia kwa sababu ya jalada la Ulaya, nilikuwa nimeandika watatu na kumwacha yule kijana aliyeshikilia wimbo gizani. Nikarudi nikamuuliza. Alinitajia majina yake matatu, polepole, akanisahihisha herufi moja, akauliza ni ya nini.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenzangu wa santuri, wa Lavington, wa Westlands, wa Buruburu, wa popote, ni hili. Kabla hujanunua tena santuri ya Afrika iliyochapwa upya, igeuze. Kama nyuma kuna aya tatu za hadithi ya Nairobi na hakuna majina ya waliopiga, waandikie hao waliochapa, uwaulize ni nani na walilipwa nini. Wakijibu, nunua mbili. Wakinyamaza, sema hadharani. Na kabla hujanunua chapa ya sita ya Jumapili ile ya New York, kumbuka Bill Evans hakuhitaji wewe. Keepnews, aliyeitayarisha, alishamfanyia kazi hiyo mwaka 1961.

Mimi naanza na langu. Nauza nakala yangu moja ya Waltz for Debby, ile ya 5,500. Sindano haijaigusa mara ishirini, jalada halijakunjika, glasi zinasikika vizuri sana. Nataka 5,000 na sitapunguza, kwa sababu zote ni za maikrofoni. Mwenye kuitaka aje 46 Jumamosi usiku, apande ngazi juu ya duka la mabati. Atanipata kwa meza iliyo karibu na dramu.